Matarajio ya Mwanachama na Mizani ya Chama

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi katika mkutano wao wa kabla ya msimu. Yamechapwa hapa ili yasomwe na wanachama pia.



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya malalamiko yanayozuka kila msimu wakati wa malipo. Nadhani wengi wenu mlitazamia nianze na daftari la hesabu. Daftari ninalo, na nitalifungua kabla sijamaliza. Lakini nawaomba mnivumilie kidogo, kwa maana nitaanza na habari za chakula, na tutakapofika mwisho mtaona kwamba habari za chakula na habari za daftari ni jambo moja.

Kila chama cha msingi kina mizani. Watu wa vipimo huja kuikagua na kuitia muhuri, na mwanachama huitazama kwa macho yake mwenyewe gunia lake linapopimwa. Lakini mwanachama huyo huja na mizani nyingine ambayo hakuna mkaguzi anayeijua. Ameibeba moyoni. Jiwe la mizani hiyo ni kile alichotarajia kupata, na malipo yake yote atayapima kwa jiwe hilo, hata kama mizani yetu ya chuma haikukosea kwa ratili moja. Swali langu leo ni hili: nani aliyeliweka jiwe hilo moyoni mwake? Jibu langu ni kwamba, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali, ni sisi wenyewe.

Sufuria moja, ladha mbili

Tuchukue mfano wa wasafiri wawili wanaoshuka kutoka basi moja na kuingia katika mkahawa mmoja wa kando ya njia. Neno lenyewe mkahawa limetokana na kahawa, basi nasi wakulima wa zao hili tuna haki ya kulitolea mfano. Msafiri wa kwanza ameambiwa na shemeji yake, kwa muda wa miezi mitatu, kwamba pilau ya mahali hapo haina mfano wake katika nchi nzima. Msafiri wa pili hakuambiwa neno. Ameingia kwa sababu ana njaa na basi limesimama. Wote wawili wanapakuliwa kutoka sufuria moja pilau nzuri ya kawaida, nyama imeiva, viungo si haba. Yule wa pili anakula mpaka mwisho, ananawa mikono, na kusema kwamba leo amebahatika. Yule wa kwanza anaila pilau yake huku akiitafuta ile aliyosimuliwa; haioni, na anaporudi garini anasema amepunjwa.

Ukweli ni kwamba hakupunjwa. Wali ulikuwa ule ule, na bei ilikuwa ile ile. Aliyempunja ni shemeji yake, tena bila kukusudia, kwa kumjaza matarajio ambayo hakuna mpishi angeweza kuyapika. Wazee waliposema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, labda waliliona jambo hili pia: kwamba kitu chema kikitembezwa mno kwa maneno huweza kupoteza hata ule wema kilicho nao.

Pengine mtu atasema kwamba huyu msafiri wa kwanza ni mlalamishi tu, na kwamba mtu mwenye akili timamu huonja kwa ulimi, hali hayo maneno ya watu huyaacha mlangoni. Nami nilikuwa na mawazo hayo zamani. Lakini wataalamu wamelifanyia jambo hili majaribio, na matokeo yao yanatutaka tuwe wanyenyekevu zaidi.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walitoa taarifa ya jaribio walilolifanya kwa kushirikiana na Heston Blumenthal, mpishi mashuhuri mwenye mkahawa uitwao The Fat Duck. Waliandaa chakula baridi cha rangi ya waridi, kilichogandishwa kama aiskrimu, lakini kimetengenezwa kwa samaki wa moshi na kina chumvi. Watu fulani waliambiwa kwamba wanapewa aiskrimu. Wengine waliambiwa kwamba hiki ni kitoweo cha chumvi kilichogandishwa. Chakula kilikuwa kimoja, lakini wale walioambiwa ni aiskrimu walikichukia sana, na tena walisema kina chumvi kupita kiasi. Wale wengine walikila bila taabu. Tazameni vizuri jambo hili. Si kwamba watu wa kundi la kwanza walikasirika tu. Hata kiasi cha chumvi walikihisi kuwa kikubwa zaidi, ijapokuwa hapakuwa na chembe moja iliyozidi.

Mwaka huo huo wa 2008, wataalamu wengine huko California, Marekani, waliwaonjesha watu mvinyo huku wakiwatajia bei ya kila chupa. Mvinyo mmoja ulitolewa mara mbili: mara ya kwanza kama mvinyo wa dola 10, na mara nyingine kama mvinyo wa dola 90, na waonjaji hawakujua kwamba ni ule ule. Ulipotajwa kuwa wa dola 90 waliupenda zaidi. Wataalamu hao walikuwa wakipima ubongo wa waonjaji kwa mashine wakati wa kuonja, na waliona kwamba hawakuwa wakisema tu ili waonekane wajuzi. Sehemu ya ubongo inayohusika na kuhisi raha ilichangamka zaidi kwa bei kubwa. Raha yao ilikuwa ya kweli, ila chanzo chake hakikuwa katika bilauri.

Sasa mtaniuliza: mbona katika mfano wa pilau sifa zimeharibu, na katika mvinyo sifa zimetengeneza? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kile unachopewa kisipokuwa mbali na kile ulichotarajia, tarajio hukivuta kikaribie: kitu kizuri kilichosifiwa kidogo huonekana kizuri zaidi. Lakini umbali ukiwa mkubwa, hata mlaji mwenyewe akautambua, basi tarajio hugeuka na kuwa adui. Hukisukuma kitu mbali, kikaonekana kibaya kuliko kilivyo. Yule aliyengoja utamu akakutana na chumvi huiona chumvi mara mbili.

Waonja kahawa hawajiamini

Sisi wa kahawa tuna watu wanaoijua siri hii kuliko wengine wote, nao ni waonja kahawa. Hawa ndio wanaosema kama kahawa yako ni nzuri au ina kasoro, na bei yako yatokana na kauli yao. Wengi wao wamefanya kazi hiyo miaka mingi, na ndimi zao ni hodari kuliko zetu sote tuliomo humu.

Lakini tazameni jinsi wanavyofanya kazi. Vikombe hupangwa mezani kwa nambari, si kwa majina ya mashamba wala ya vyama. Kahawa zote huwa zimekaangwa kwa kadiri moja, zimesagwa kwa namna moja, na kutiwa maji kwa kipimo kimoja. Katika vyumba vingine huwashwa taa nyekundu ili tofauti ya rangi isimdanganye mwonjaji. Kila mmoja hupiga funda kwa kijiko, hutema, na kuandika katika karatasi yake kabla hajasikia mwenzake anasemaje.

Kwa nini taabu yote hii? Ni kwa sababu wanajua kwamba mwonjaji akiambiwa mapema kuwa kikombe hiki kimetoka mlima fulani wenye jina, ulimi wake utaanza kuupata utamu wa mlima huo kabla kijiko hakijafika kinywani. Basi ikiwa bingwa mwenye uzoefu wa miaka mingi huona lazima ajikinge na matarajio yake mwenyewe, itakuwaje kwa mwanachama wa kawaida, ambaye amelima mwaka mzima na ada ya shule ya mtoto wake inangoja malipo hayo?

Bei ni ile ile, furaha siyo

Tutoke mezani sasa tuingie sokoni. Wazee waliomo humu watakumbuka jalidi iliyoangukia Brazili mwezi Julai mwaka 1975. Iliunguza mashamba ya kahawa ya jimbo la Paraná, na dunia nzima ikaona upungufu. Kwa kipimo cha bei cha Shirika la Kahawa la Kimataifa, wastani wa mwaka 1975 ulikuwa takriban senti 72 za dola kwa ratili. Mwaka 1977 ulipanda hadi takriban senti 229. Mwaka 1978 ukashuka hadi takriban senti 155.

Sasa, ndugu zangu, niambieni: je, bei ya mwaka 1978 ilikuwa nzuri au mbaya? Aliyeipima kwa jiwe la mwaka 1975 aliona bei zaidi ya maradufu, akawa na haki ya kuchinja mbuzi. Aliyeipima kwa jiwe la mwaka 1977 aliona kwamba theluthi ya mapato yake imepotea, akawa na haki ya kuomboleza. Senti ni zile zile 155.

Wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika mwaka 1979 makala iliyokuja kuwa mashuhuri katika elimu ya uchumi. Walionyesha kwamba mtu hapimi mali yake kwa jumla ya alicho nacho, bali hupima kutoka mahali fulani alipojisimamisha moyoni: juu ya hapo huona ni faida, chini ya hapo huona ni hasara. Tena walionyesha kwamba uchungu wa hasara hushinda utamu wa faida iliyo sawa nayo. Shilingi 1,000 iliyopungua huuma kuliko shilingi 1,000 iliyozidi inavyofurahisha. Kahneman alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwenzake Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996.

Maana yake kwetu ni nzito. Katibu anayemwinua mwanachama kwa maneno, kisha malipo yakaja chini ya maneno hayo, hamrudishi tu mahali alipokuwa. Anamtia katika hasara ambayo sokoni haikuwapo. Ameitengeneza yeye kwa kinywa chake.

Kosa langu mwenyewe

Naongea hivi si kwa kuwalaumu ninyi. Nilipokuwa katibu wa chama cha msingi, msimu mmoja ulianza vizuri sana. Minada ya kwanza ilikuwa na bei nono, na kila mwanachama aliyefika mizani nilimwambia, "Safari hii, mzee wangu, utaezeka nyumba." Nilikuwa nikiwatakia heri, na pia, nikiri, nilipenda kuona nyuso zao zikichangamka. Baada ya minada michache bei ikalegea. Tulipolipa malipo ya mwisho, jumla yake ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia. Nilidhani nitashukuriwa.

Watu walitoka dirishani kama wanaotoka mazikoni. Mzee mmoja alizihesabu noti zake mara mbili, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mabati yangu yako wapi?" Sikuwa na jibu. Alikuwa amekwisha kukopa mbao kwa fundi kwa ajili ya neno langu. Msimu uliofuata hakuleta kahawa yake chamani, wala ndugu zake wawili hawakuleta. Mizani ya chama haikumwibia hata kilo moja. Neno langu ndilo lililomwibia, na ahadi ni deni.

Hesabu ya redioni

Sasa nalifungua daftari, kwa maana si matarajio yote yanayotoka kinywani mwa katibu. Mengine hutoka redioni na katika simu za mkononi, nasi tukiyanyamazia ni kama tumeyakubali.

Desturi ya mnada wa Moshi kwa miaka mingi imekuwa ni kutaja bei kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50 za kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Tuseme, kwa mfano tu, mwanachama amesikia kwamba kahawa imeuzwa dola 200. Anagawanya kwa 50, anapata dola 4 kwa kilo. Nyumbani ana kilo 100 za kahawa iliyokaushwa, ambayo bado ina ganda lake jepesi. Anazidisha, anapata dola 400, na usiku huo analala akizigawanya: hizi za ada, hizi za mbolea, hizi za bati.

Lakini kilo 100 za kahawa yenye ganda, zikishakobolewa, hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Tayari dola 400 zimekuwa 320. Tena bei inayovuma aghalabu ni ya fungu moja lililouzwa vizuri kuliko yote, na kahawa ya mwanachama ina madaraja mengi, makubwa na madogo. Tuseme wastani wake ni dola 180 kwa kilo 50. Basi zile 320 zimekuwa 288. Bado hatujakata gharama za kukoboa, usafirishaji, ushuru, michango ya chama, wala deni la pembejeo.

Kwa hiyo kabla chama hakijakata hata senti moja, mwanachama huyu amekwisha kuona kwamba dola 112 zimepotea. Nani kazichukua? Hajui habari za maganda wala za madaraja, maana hakuna aliyemweleza. Anamjua katibu, basi anamtazama yeye. Tuhuma nyingi za wizi katika vyama vyetu, sisemi zote, huzaliwa katika hesabu ya namna hii iliyofanywa gizani. Ule wizi wa kweli ushughulikiwe na wakaguzi na sheria. Lakini huu wa kudhaniwa ni kazi yetu kuuzuia, na dawa yake ni ubao, chaki na nusu saa ya maelezo kabla ya msimu.

Je, tuseme bei ya chini?

Natambua kwamba mwerevu mmoja miongoni mwenu amekwisha kuwaza hivi: kama furaha yatokana na kupata zaidi ya ulichotarajia, basi dawa ni rahisi. Tuwaambie wanachama kwamba bei itakuwa mbaya sana, kisha tuwashangaze.

Liko hata jaribio linaloonekana kumuunga mkono. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walitia matone machache ya siki katika bia na kuwapa watu. Walioambiwa habari ya siki kabla ya kuonja hawakuipenda. Walioambiwa baada ya kuonja waliipenda karibu sawa na wale wasioambiwa kabisa. Basi mtu aweza kusema: nyamaza juu ya siki, watu wafurahi.

Nasema hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya soko. Mwanachama anayeamini kwamba chama kitalipa kidogo hatakaa kungoja kushangazwa. Atauza kwa mlanguzi anayepita usiku na fedha mkononi. Kule Kagera wanaijua vizuri biashara ya butura, ambapo mkulima huuza kahawa ikingali mtini, hata ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Neno la kukatisha tamaa kutoka kwa katibu ni msaada mkubwa kwa mnunuzi wa butura.

Sababu ya pili ni ya ushirika wenyewe. Msafiri hula katika mkahawa mara moja, akaondoka na basi lake. Mwanachama haondoki. Chama Kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na wapo wanachama wa leo ambao babu zao walisimama mbele ya mizani ya chama hicho. Katika uhusiano mrefu namna hiyo hila haidumu. Ukisema kidogo ukalipa kikubwa mara mbili, mara ya tatu mwanachama atalizidisha neno lako mwenyewe kichwani, na utakuwa umerudi pale pale, ila sasa neno lako halina thamani tena. Kuhusu siki, ni afadhali isitiwe. Na ikiwa imetiwa, mwanachama ana haki ya kujua kabla ya kunywa. Bia inaonjwa kwa ajili ya starehe. Kahawa ya mtu ni maisha yake, naye hupanga maisha hayo kwa habari tunazompa.

Basi hatutaki neno la juu wala neno la chini. Twataka neno la kweli lenye mipaka yake.

Kungoja bila kujua

Jambo la mwisho kabla sijatoa mapendekezo ni kungoja. Mtaalamu mmoja aitwaye David Maister aliandika mwaka 1985 juu ya watu wanaosimama foleni katika mikahawa, benki na viwanja vya ndege. Alisema kwamba kuridhika kwa mtu ni kile alichokiona ukitoa kile alichokitarajia. Tena alieleza kwamba kungoja usikojua mwisho wake huwa kurefu kuliko kungoja kulikotajiwa muda, na kungoja kusikoelezwa sababu huwa kurefu kuliko kulikoelezwa.

Kila mama lishe hodari analijua jambo hili. Mteja akiambiwa, "Kaa, wali unaiva, ni robo saa tu," hukaa na kuzungumza. Asipoambiwa kitu, dakika kumi humtosha kusimama na kwenda zake akinung'unika. Nasi tunao wanachama wanaongoja miezi, na mara nyingine hatuwaambii hata kile anachoambiwa mla wali. Tunanyamaza kwa kuwa hatuna habari mpya, tukidhani ukimya hausemi kitu. Ukimya unasema, tena unasema mabaya.

Mapendekezo kwa makatibu

Kwa hayo yote, ndugu makatibu, napendekeza kila chama cha msingi kifanye mambo haya katika msimu unaokuja.

Kwanza, kabla ya gunia la kwanza kupimwa, uitishwe mkutano, na hesabu ya kutoka bei ya mnada hadi shilingi za mwanachama ifanywe ubaoni, hatua kwa hatua. Mwanachama mmoja, si katibu, aitwe mbele aifanye kwa kilo zake mwenyewe.

Pili, makato yote yatajwe kabla ya malipo. Kato lililotajwa mapema ni sehemu ya bei. Kato lililotajwa dirishani ni hasara.

Tatu, mkiulizwa bei ya mwisho, msitaje tarakimu moja. Tajeni kiasi cha chini na kiasi cha juu, na semeni ni nini kitakachoipeleka huku au huko. Mtu akipewa mipaka miwili hupanga kwa ule wa chini na kutumaini ule wa juu, na hiyo ndiyo busara ya mkulima tangu zamani.

Nne, malipo ya awali yaitwe malipo ya awali, na malipo ya mwisho yasiahidiwe mpaka kahawa imeuzwa. Misimu mingine soko halitoi nyongeza. Mwanachama aliyeambiwa hivyo tangu mwanzo atasikitika, lakini hatasema ameibiwa.

Tano, wakati wa kungoja, barua ibandikwe ukutani kila baada ya wiki mbili, hata kama haina jipya. Iandikwe: kahawa yetu iko kiwandani, inangoja zamu ya kukobolewa, tutawapeni habari tena tarehe fulani. Na tarehe hiyo ikifika, habari itolewe.

Sita, mkikosea, kirini mapema. Mimi ningalimwendea yule mzee wa mabati siku ile ile bei ilipolegea, huenda angaliwahi kumrudishia fundi mbao zake.

Ndugu Mwenyekiti, nilianza na pilau na nitamaliza nayo. Mwenye mkahawa mwema hambandiki mgeni sifa zisizo na mwisho mlangoni, wala hamwambii kwamba chakula chake ni kibaya. Humwambia kilichopo leo, bei yake, na muda wa kungoja. Kisha hupika kwa uwezo wake wote. Hatuwezi kuiamuru bei ya dunia. Jalidi ya Brazili hatukuileta, wala mnada hatuuendeshi kwa matakwa yetu. Lakini neno tunalomwambia mwanachama siku anapoweka gunia lake juu ya mizani liko mikononi mwetu kabisa. Tulipime neno hilo kwa uangalifu ule ule tunaoipima kahawa yake.